Kutazama Mara ya Pili: Historia ya Maoni ya Watazamaji wa Filamu katika Afrika Mashariki

Utangulizi

Historia ya uhakiki katika Kiswahili imezoeleka kuandikwa kwa kufuata maandishi. Mwanahistoria huanza na maelezo ya wamisionari na maofisa wa kikoloni kuhusu tenzi, huendelea na tahakiki za riwaya na tamthilia zilizotoka vyuoni, na huishia katika nadharia zinazofundishwa leo. Mkabala huo una manufaa yake. Hata hivyo, unaliacha nje kundi kubwa la watu ambao kwa takriban karne nzima wamekuwa wakipima kazi za sanaa hadharani, wakizisifu, wakizikosoa na kubishana juu ya maana yake: watazamaji wa filamu. Maoni yao hayakuchapishwa. Yalitolewa barazani, jikoni, njiani kutoka sinema na, baadaye, katika vibanda vya video. Kwa kuwa hayakuandikwa, yamehesabiwa kuwa porojo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maoni hayo yana historia, na kwamba katika sehemu yake kubwa historia hiyo ni ya uhakiki. Hoja inayotetewa ni moja. Mtazamaji wa mara ya kwanza hushughulishwa na kisa: anataka kujua kitakachotokea. Mtazamaji anayerudia huwa amekwisha kukijua kisa, na kwa hiyo hubaki na swali jingine, yaani kimesimuliwaje na kinasema nini juu ya maisha. Swali hilo la pili ndilo msingi wa uhakiki. Katika Afrika Mashariki, tofauti baina ya kuona mara moja na kuona tena imekuwa pia tofauti baina ya mtu anayechunguzwa na mtu anayetoa hukumu. Tofauti hiyo inafuatiliwa hapa katika vipindi vitatu: sinema ya kikoloni ya kuelimisha, majumba ya sinema ya mijini, na enzi ya video.

Watazamaji Walioulizwa Mara Moja

Kati ya 1935 na 1937, Baraza la Kimataifa la Wamisionari liliendesha mradi wa kutengeneza na kuonyesha filamu kwa Waafrika wa Afrika Mashariki na ya Kati, kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York. Makao ya mradi yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. J. Merle Davis aliusimamia, L. A. Notcutt akashughulikia utengenezaji wa filamu na G. C. Latham upande wa elimu. Filamu hizo zilihusu kilimo, afya, kuweka akiba na maisha ya kijijini. Sauti yake iliwekwa katika santuri ili iweze kubadilishwa kulingana na lugha ya mahali. Notcutt na Latham walitoa taarifa yao katika kitabu mwaka 1937. Hizo ni miongoni mwa juhudi za mwanzo za kukusanya maoni ya watazamaji wa kanda hii kwa utaratibu.

Lakini yapasa kuuliza maoni hayo yalitafutwa kwa ajili gani. Waliouliza walitaka kujua kama funzo limefika. Mtazamaji alikuwa mfano wa mwanafunzi katika mtihani: ama ameelewa, ama hakuelewa. Hakuulizwa kama filamu ilikuwa nzuri, wala kama mkulima aliyeonyeshwa alifanana na mkulima anayemjua. Mtazamo huo ulipata nguvu zaidi baada ya kuundwa kwa Kitengo cha Filamu za Makoloni mwaka 1939 chini ya William Sellers, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameonyesha filamu za afya huko Nigeria. Sellers alishikilia kwamba Mwafrika wa vijijini asingeweza kufuata mbinu za kawaida za sinema. Kwa maoni yake, filamu za watazamaji hao zilipaswa kwenda polepole, ziepuke kuruka kutoka wakati mmoja hadi mwingine, na zisitumie hila za kamera. Nadharia hiyo iliongoza kazi ya kitengo hicho hadi kilipofungwa mwaka 1955.

Kisa kinachotajwa mara nyingi kuithibitisha nadharia hiyo kilisimuliwa na John Wilson, na kuchapishwa mwaka 1961. Afisa mmoja wa afya alitengeneza filamu fupi, ya mwendo wa taratibu sana, kuonyesha jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama ili kuzuia mbu. Baada ya kuonyeshwa filamu ya dakika kama tano, watazamaji waliulizwa walichokiona. Walijibu kwamba waliona kuku. Waliouliza walishangaa, kwa maana hawakujua kuwa filamu yao ilikuwa na kuku. Marshall McLuhan alikichukua kisa hiki katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy cha 1962, akakitumia kueleza tofauti baina ya jamii zinazosoma na zisizosoma. Tangu hapo kuku huyo amezunguka katika vitabu vingi kama ushahidi wa upungufu wa watazamaji.

Kinachosahaulika ni sehemu ya pili ya kisa. Watengenezaji, baada ya kusikia jibu hilo, waliurudia ukanda wao na kuukagua picha moja baada ya nyingine. Wakamwona kuku. Alikuwa amepita katika pembe ya picha kwa muda wa kama sekunde moja. Watu waliokuwa wameipanga, wameipiga na kuikatakata filamu ile hawakuwa wamemwona. Watazamaji waliopewa nafasi moja tu walimwona. Ni kweli kwamba, kwa mujibu wa Wilson, watazamaji hao hawakuyaunganisha mambo mengine ya filamu katika kisa kamili kama ilivyokusudiwa. Hilo halipaswi kufichwa. Lakini ni kweli vilevile kwamba katika kisa hiki wanaorudia kutazama ni watengenezaji, nao walirudia kwa kulazimishwa na maoni ya watazamaji. Maoni yaliyodhaniwa kuwa ni dalili ya ujinga ndiyo yaliyowafundisha wenye filamu kuiona kazi yao upya.

Hapa ndipo penye kasoro ya mbinu, si ya watazamaji. Upande mmoja uliijua filamu kwa kuirudia. Upande mwingine uliiona usiku mmoja, kisha ukahojiwa. Ulinganisho wa namna hiyo hauwezi kuwa wa haki. Msomi yeyote akisomewa shairi la beti ishirini mara moja tu, gizani, kwa mtindo asiouzoea, kisha akaulizwa maana yake, naye huenda akakumbuka taswira moja iliyomgusa. Hakuna ambaye angehitimisha kutokana na jibu lake kwamba hana uwezo wa kufasiri mashairi.

Majumba ya Sinema na Hakimu Raghunath

Wakati nadharia ya Sellers ikiongoza filamu za serikali vijijini, mijini ilikuwa ikikanushwa kila juma. Royal Cinema ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1921 kwa mchoro wa J. H. Sinclair, na majumba mengine yaliyofuata katika miji ya pwani na bara, yaliendeshwa zaidi na wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi. Filamu za huko zilipopata umaarufu, hasa katika miaka ya 1950, watazamaji wengi wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam hawakujua Kihindi. Pamoja na hayo, walizifuata filamu za zaidi ya saa mbili, zenye kurudi nyuma katika wakati, ndoto, nyimbo na mikato ya kila aina. Mtu aliyedhaniwa kuwa hawezi kuunganisha picha mbili alitoka ukumbini akiwa na msimamo kuhusu mhusika mkuu.

Si kila mahali palikuwa na uhuru sawa. Katika Kenya ya kikoloni, ubaguzi wa rangi na udhibiti uliamua nani aone filamu gani na wapi, kwa hofu kwamba baadhi ya picha zingewapa Waafrika fikra zisizotakiwa. Hofu hiyo yenyewe inafaa kuzingatiwa. Serikali iliyodai kwamba Mwafrika haelewi filamu iliogopa pia kwamba angeielewa mno.

Laura Fair, katika utafiti wake juu ya sinema mijini Tanzania uliochapishwa mwaka 2018, ameonyesha jinsi kwenda sinema kulivyokuwa sehemu ya maisha ya familia na ya mtaa, na jinsi mazungumzo yaliyofuata yalivyokuwa na uzito sawa na filamu yenyewe. Katika makala yake ya awali, iliyotoka mwaka 2009, alishughulikia mapokezi ya filamu ya Awaara ya Raj Kapoor (1951) miongoni mwa Wazanzibari, waliyoitumia kujadili mapenzi na mamlaka ya wazazi katika ndoa. Filamu hiyo inatoa mfano mzuri wa namna maoni yanavyobadilika kwa kurudia kutazama.

Awaara inaanza mahakamani. Kijana maskini, Raj, ameshtakiwa kwa kutaka kumuua Hakimu Raghunath. Rita, wakili kijana, anamtetea, na kwa maswali yake kisa kinarudi nyuma. Mtazamaji anajulishwa kwamba hakimu huyo aliwahi kumtia hatiani mtu aitwaye Jagga kwa kuamini kwamba mtoto wa mhalifu lazima awe mhalifu. Jagga, kwa kulipiza kisasi, alimteka nyara mke wa hakimu, kisha akamrudisha. Hakimu akamshuku mkewe aliyekuwa mjamzito, akamfukuza usiku. Mtoto aliyezaliwa ndiye Raj, aliyelelewa katika vibanda vya Bombay na kufanywa mwizi na Jagga huyohuyo.

Kwa anayeona mara ya kwanza, mahakama ya mwanzo ni kitendawili. Anangoja kujua kijana huyu ni nani. Kwa anayeona mara ya pili, mambo yote katika onyesho lilelile yamegeuka: aliyeketi kuulizwa maswali ni baba, aliye kizimbani ni mwanawe, na mwenye mamlaka ya kuhukumu ndiye anayestahili kuhukumiwa. Hakuna picha iliyobadilika; kilichobadilika ni ujuzi wa mtazamaji. Kinaya cha filamu, yaani kwamba hakimu alimtengeneza mhalifu kwa kuamini kwamba wahalifu huzaliwa, hakiwezi kuonekana kikamilifu katika dakika za kwanza ila na yule aliyekwisha kufika mwisho.

Zaidi ya hayo, filamu hiyo inagusa hoja ambayo Kiswahili kinayo tayari. Methali isemayo kuwa mwana wa nyoka ni nyoka ndiyo itikadi ya Hakimu Raghunath. Lakini Kiswahili kina pia methali kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hiyo ndiyo itikadi ya wakili Rita. Mtazamaji Mswahili hakuhitaji kufundishwa Kihindi ili auone mgogoro huo. Alihitaji kuzikumbuka methali mbili zinazopingana na kuamua ipi imetetewa vyema. Katika jamii ambamo nasaba na asili ya mtu vilikuwa na uzito katika ndoa na heshima, uamuzi huo haukuwa mchezo. Kusema kwamba Raj hana hatia kulimaanisha kusema jambo fulani juu ya majirani. Maoni kuhusu filamu yalimruhusu mtu kulisema jambo hilo bila kumtaja jirani yeyote.

Desturi hii ya kurudia haikutoka ng'ambo. Katika fasihi simulizi, hadhira huijua ngano kabla fanani hajaanza kuisimulia. Haisikilizi ili ijue kama sungura atamshinda fisi. Inasikiliza ili ione safari hii atamshinda vipi, na kama fanani wa leo anamfikia wa jana. Dhana ya Hans Robert Jauss ya upeo wa matarajio, aliyoijenga kutokana na mhadhara wake wa 1967, inasaidia hapa: mtu hupokea kazi mpya akiwa na matarajio yaliyojengwa na kazi alizozijua. Watazamaji wa pwani waliingia sinema na matarajio ya ngano, utenzi na taarabu. Kurudia filamu kwao hakukuwa upotevu wa fedha bali ilikuwa njia ya kawaida ya kuipokea sanaa.

Kanda, Vibanda na Sauti ya Msimulizi

Kuenea kwa video katika miaka ya 1980 kulibadilisha masharti ya kurudia. Awali, mtu alirudi sinema alipoweza kulipa na filamu ilipokuwa bado mjini. Sasa kanda iliweza kusimamishwa, kurudishwa nyuma na kuonwa tena siku hiyohiyo. Laura Mulvey, katika kitabu chake cha 2006, ameeleza jinsi uwezo wa kuisimamisha filamu unavyomzaa mtazamaji mwenye kutafakari, asiyeburutwa tena na mkondo wa kisa. Yaliyotokea katika pwani ya Kenya yanaunga mkono wazo hilo, lakini yanaliongezea jambo. Minou Fuglesang, katika utafiti wake wa Lamu uliochapishwa mwaka 1994, aliwaelezea wasichana na wanawake waliotazama filamu za Kihindi majumbani na kuzungumza juu ya mapenzi, mavazi na ndoa. Tafakuri hiyo haikuwa ya mtu mmoja mbele ya mashine yake. Ilikuwa ya kundi. Na kwa kuwa majumba ya sinema hayakuwa wazi kwa wanawake kwa kiasi kilekile na kwa saa zilezile kama kwa wanaume, video iliwapa nafasi ya kurudia, na kwa hiyo nafasi ya kuhukumu.

Katika vibanda vya video yalitokea mapinduzi mengine. Msimulizi alianza kuisemea filamu. Dar es Salaam, Lufufu alijulikana kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuzisambaza katika kanda. Nchini Kenya, DJ Afro alipata umaarufu kwa usimulizi wake wa Kiswahili chenye ladha ya Sheng. Na nchini Uganda, wasimulizi wa Kiganda wamekuwa na umaarufu wa namna hiyo. Matthias Krings, katika makala ya 2010 kuhusu usimulizi huo nchini Tanzania, aliufananisha na kuugeuza wali kuwa pilau: chakula ni kilekile, lakini kimetiwa viungo vya mahali.

Kwa mtazamo wa makala haya, msimulizi ni mtazamaji aliyerudia. Hawezi kusimulia filamu asiyoijua. Anajua nani atasaliti na nani atakufa, na hivyo huweza kudokeza, kukejeli, kumpachika mhusika jina jipya, na kupima tabia za Wamarekani au Wachina kwa mizani ya mtaani. Maoni yaliyokuwa yakitolewa barazani baada ya filamu yameingia ndani ya filamu yenyewe. Huo ni uhakiki uliotolewa hadharani na kulipiwa.

Walakini, ushindi huo una gharama yake. Maoni ya barazani yalikuwa mengi na yaligongana. Maoni ya msimulizi ni moja, nayo yana kipaza sauti. Mtazamaji wa kibandani hupewa hukumu pamoja na kisa, hata katika utazamaji wake wa kwanza. Yamkini ndiyo sababu sifa za usimulizi hujadiliwa kwa kumlinganisha msimulizi na msimulizi, kama vile hadhira ya ngano ilivyomlinganisha fanani na fanani. Hadhira imeendelea kuwa mhakiki, ila kinachohakikiwa sasa ni usimulizi.

Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza linaweza kuletwa na mhakiki wa chuoni: kwamba kusema filamu ni nzuri au mbaya si uhakiki, kwa kuwa uhakiki huhitaji vigezo. Pingamizi hili ni halali dhidi ya maoni yanayoishia katika kusifu na kulaumu. Lakini mjadala juu ya hatia ya Raj una vigezo, nao ni methali, sheria, dini na uzoefu wa malezi. Stanley Fish alidai mwaka 1980 kwamba maana hujengwa na jumuiya za wafasiri zenye kanuni zao. Baraza ni jumuiya ya namna hiyo. Kanuni zake hazijaandikwa, lakini anayezivunja huambiwa mara moja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linamhusu mwanahistoria. Sehemu kubwa ya maoni ya miaka ya 1950 imekusanywa kwa mahojiano ya miongo mingi baadaye. Mzee anayeeleza alivyoiona Awaara ujanani anaeleza akiwa amekwisha kuoa, kuzaa na labda kuirudia filamu hiyo katika video. Maoni hayo si ya usiku ule. Hili haliwezi kukanushwa. Linaweza, hata hivyo, kutumiwa vizuri likikubaliwa wazi. Kumbukumbu yenyewe ni utazamaji wa mara ya pili. Mtafiti asiyedai kwamba amepata maoni ya kijana wa zamani anaweza kupata kitu cha thamani sawa, yaani hukumu ya mtu aliyeishi na kazi moja ya sanaa kwa nusu karne. Wahakiki wa riwaya ni wachache wanaoweza kudai hivyo.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba watazamaji wa filamu wa Afrika Mashariki wametoa maoni yenye uzito wa kihakiki tangu kipindi cha ukoloni, na kwamba uzito huo umetegemea nafasi ya kurudia kutazama. Walipoulizwa mara moja na wageni, walionekana hawajui. Walipoweza kurudi kwa hiari yao, walijadili nasaba, mapenzi na haki kwa kina. Walipopata video, wengine wao walifanya uhakiki kuwa kazi.

Jukumu linalobaki ni la idara za fasihi, na halina muda mwingi. Globe na Odeon jijini Nairobi ni majina yanayofahamika leo zaidi kama mzunguko wa barabara na kituo cha matatu kuliko kama majumba ya sinema. Waliokuwa vijana wakati Awaara ilipoingia ni wazee wa umri mkubwa sana, na wengi wao wamekwisha kufariki. Taarifa za Notcutt, Latham na Sellers zimehifadhiwa. Majibu ya waliowekwa mbele ya skrini zao, kwa maneno yao wenyewe, hayakuhifadhiwa kwa kiwango hicho. Mtafiti wa uzamili anayekwenda kuwahoji waliosalia anashauriwa asirudie kosa la kuwauliza walichokiona mara moja. Awaonyeshe filamu tena, akae nao hadi mwisho, kisha asubiri wenyewe waanze kuzungumza.